Baiskeli ya nafasi ya kwanza

Jioni hii natoka skuli, hapa Wete, baba wa mwanafunzi wangu mmoja kanisimamisha njiani. "Mwalimu, nimemwahidi kijana baiskeli akishika nafasi ya kwanza. Nisaidie kumhimiza." Nikamjibu, "Inshaallah, mzee wangu," lakini maneno yake nimerudi nayo nyumbani.

Kijana mwenyewe bado anasoma kwa kusitasita. Baiskeli anaitaka sana, ila hajui aanzie wapi kuifikia. Msimu wa karafuu mtoto huyuhuyu hahimizwi na mtu: anajua kila pishi ina malipo yake, basi anachuma. Kazi ile anaiweza. Nafasi ya kwanza si yake peke yake, inategemea na wenziwe wamesoma vipi.

Mchumi wa Marekani, Roland Fryer, alilipima jambo hili kwa fedha taslimu, na matokeo yake yakachapishwa 2011. New York na Chicago wanafunzi walilipwa kwa alama walizopata. Ufaulu wao haukutikisika. Dallas watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma na kujibu maswali yake, na wale waliopimwa kwa Kiingereza wakapanda katika ufahamu. Mimi naliamini hili kwa moyo wote: mtunuku mtoto kwa kazi anayoweza kuianza leo.

Lakini si kila mtoto. Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett waliwachunguza watoto wa chekechea, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliokuwa wakipenda kuchora. Walioahidiwa cheti mapema, baadaye walipoachiwa kalamu bila ahadi yoyote, walichora kama nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti bila kutarajia hamu yao haikupungua. Hapo nikamkumbuka binti mmoja darasani kwangu, anayesoma hata karatasi iliyofungiwa ubuyu. Huyo simwahidi kitu! Nikimzawadia, iwe ghafla, kwa kuwa kanifurahisha.

Kesho nitamfuata yule baba. Nitamwomba ahadi aigeuze: kijana akimaliza kitabu cha hadithi amsimulie mama yake, kiandikwe kwenye daftari, na ukurasa ukijaa, baiskeli ni yake. Huenda asikubali haraka, maana wazazi wengi wanapenda jina la mtoto lisomwe mbele ya watu siku ya matokeo, nami siwalaumu. Vitabu vya kuanzia nimeshavitenga, vyembamba, vyenye herufi kubwa.