Chenga

Juzi televisheni ilikatika katikati ya katuni. Kioo kikawa cha buluu, na maandishi meupe: hakuna mawimbi. Binti yangu akanuna. Mimi nikasema, sijui hata nilikuwa namwambia nani, kwamba zamani ungebaki angalau na chenga.

"Chenga za mpira?"

Kumbe mtoto wa miaka 9 hajawahi kuziona. Nikaanza kumweleza televisheni ya chogo, kituo kinavyofunga matangazo, kioo kinavyojaa vidoti vyeusi na vyeupe vinavyorukaruka kama siafu waliomwagiwa maji, na ule mvumo usiokatika. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza zilikuwa zinatoka wapi.

Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi. Nilijibiwa vizuri sana, na jibu lile nikalifanyia jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naangalia pembeni.

Aliyenijibu ni mjomba wangu, mtu wa redio. Nilikuwa na miaka 11. Matangazo yalikuwa yamekwisha, wote wamelala, mimi nimebaki sebuleni kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kunifukuza. Nikainuka kuzima. "Acha kwanza," akasema. Akapunguza sauti mpaka ikawa kama mvua ya mbali, akazima taa, akaniambia nisogee.

Nikasogea hadi pua ikaribie kioo. Vinyweleo vya mkono vikasimama vyenyewe. Kulikuwa na harufu ya vumbi lililopata moto. Ukiwa mbali chenga zinachemka zote kwa pamoja kama kitu kimoja, lakini pale karibu niliona kila kidoti kiko peke yake: kinawaka, kimekwenda, hata kope haijafunga. Uso wa mjomba ulikuwa umepata rangi ya majivu, na majivu yenyewe yanatetemeka.

"Nyingi za hizi ni takataka," akasema. "Joto la nyaya za humu humu ndani, radi za huko mbali, mota ya mtu fulani, jua. Lakini mjomba, humo katikati umo mwanga wa kwanza. Mkongwe kuliko nyota yoyote unayoijua."

"Upi?" Nikabandika kidole kwenye kioo. "Huu?"

"Umeshapita."

"Huu?"

"Nao umepita."

Tuliendelea hivyo sijui kwa muda gani. Nilikuwa nabandika kidole haraka zaidi na zaidi, kama mtu anayeua mbu, naye anajibu bila kucheka, umepita, umepita. Sikumbuki mchezo mwingine wa utotoni niliowahi kushindwa mara nyingi namna ile nikiwa na furaha.

Ndipo akaleta ukanda wa tyubu ya baiskeli. Akauchora wimbi kwa chaki, vilima vidogo vimesongamana, akanipa ncha moja nishike. Mwanga ni mawimbi, akasema, na mawimbi ya redio ni ndugu zake wa damu. Kinachowatenganisha ni urefu tu, kutoka kilima kimoja hadi kingine. Hapo mwanzo ulimwengu ulikuwa moto mno, elektroni, zile chembe ndogo mno za umeme, zimezagaa, mwanga ukijaribu kusafiri unagongana nazo kila hatua, kama taa ndani ya ukungu. Kisha ulimwengu ukatanuka, ukapoa, elektroni zikashikana na viini zikawa atomi, na ukungu ukaondoka mara moja. Mwanga ukapata njia. "Tangu siku hiyo unatembea," akasema, "na njia yenyewe inavutika chini yake. Vuta."

Nikavuta. Vile vilima vikalala, vikaachana, chaki ikapukutika kwenye mapaja yetu. Mpira ule ulifika kama mara tatu ya urefu wake, mjomba akasema mikono yetu inaishia hapo. Ulimwengu umeuvuta mwanga ule kama mara 1,100. Ndiyo maana jicho haliuoni tena ila antena inaunasa.

Akamalizia kwa Wamarekani wawili, Penzias na Wilson, ambao mwaka 1964 walikuwa na antena kubwa kama pembe huko New Jersey. Ikawa inavuma. Wakaielekeza huku na huku, usiku na mchana, mvumo ni ule ule. Wakakuta njiwa wamejenga ndani yake, wakawaondoa, wakakwangua kinyesi chote. Mvumo ukabaki. Kumbe walikuwa wanasikia kile kile nilichokuwa nakifukuza kwa kidole. Mwaka 1978 wakapewa tuzo ya Nobel. Mjomba alisimulia mambo mengi hapo katikati, lakini mtoto wa miaka 11 hushika kinyesi cha njiwa.

Sasa darasani. Tulikuwa tunasoma habari za mwanga: kilomita 300,000 kwa sekunde, dakika nane na ushee kutoka jua hadi kwetu. Mwalimu akauliza nani anajua mwanga uliosafiri muda mrefu zaidi kuliko huo wa jua. Mmoja akasema wa nyota, akapigiwa makofi. Mimi nikanyosha mkono nikasema, chenga za televisheni. Kicheko kilichofuata kingetosha, ila nami nikaongeza habari za njiwa. Mwalimu akasubiri darasa litulie, akaniuliza kwa upole kabisa: "Nani amekudanganya?"

Nikasema mjomba wangu. Nikasema huwa anatania. Halafu nikacheka pamoja nao.

Jioni mjomba akauliza kama niliwahadithia wenzangu. Nikamjibu nimesahau.

Ilinichukua miaka kusoma mwenyewe na kukuta kila kitu kipo pale pale alipokiweka: mwanga ulioachiwa ulimwengu ukiwa na umri wa miaka 380,000 hivi, umesafiri karibu miaka bilioni 13.8, sasa mawimbi yake mengi ni ya milimita moja au mbili na baridi yake ni kelvini 2.7, yaani nyuzi 2.7 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Kosa lake lilikuwa moja. Alisema ni robo ya chenga zote. Hesabu inayotolewa kwa kawaida ni kama moja katika mia. Kuna kipindi nilijitetea kwa hiyo robo, eti mwalimu naye alikuwa na haki yake. Utetezi wa ovyo, maana mimi darasani sikutaja kiasi chochote.

Haya yote nilimweleza binti yangu mbele ya kioo cha buluu. Akaniuliza swali ambalo mimi sikuwahi kulifikiria: mwanga huo ulipoachiwa ulikuwa wa rangi gani? Nikafurahi, maana jibu ninalo. Ulimwengu ulikuwa na joto la kelvini 3,000 hivi, karibu sawa na ule uzi wa balbu za zamani, kwa hiyo rangi ya chungwa inayoelekea njano. Mbingu nzima, kila upande. Akanyamaza akiipiga picha.

"Sasa babu alikasirika?"

"Hakuwahi kujua."

"Si umpigie?"

Namba yake ninayo. Ila masikio yake siku hizi yanavuma, anasema yanavuma usiku kucha, na simu yake lazima uzungumze kwa kupiga kelele mpaka majirani wasikie. Nimejaribu kuipanga sentensi hiyo kwa sauti ya juu. Haipangiki.