Watoto watauliza juu ya haya mawe

Bwana asifiwe wapendwa. Tafakari ya hii wiki inatoka mu Yoshua sura ya 4, musome yote kama muko na nafasi, haiko ndefu. Ni ile siku Israeli wanavuka Yordani, maji imesimama, makuhani wako katikati ya mto na sanduku la agano, na Mungu anaagiza watu kumi na wawili, kila kabila mutu mumoja, kila mumoja abebe jiwe ku bega, alitoe palepale miguu ya makuhani ilisimama. Wakaenda kuyasimamisha Gilgali. Na sababu Yoshua anaitoa waziwazi ku mstari wa 21 na 22, siku zijazo watoto watawauliza baba zao haya mawe maana yake nini, njo mutawaambia Israeli walivuka huu mto ku nchi kavu.

Mutu wa Goma hawezi kusoma hii sura sawa mutu wa mahali pengine. Sisi tunaishi juu ya mawe. Fondasio ya nyumba ni mawe ya volkano, kloture ni mawe, ukichimba choo unakutana na mawe, mutoto akianguka mu mupira goti linachanika ku lile jiwe jeusi lenye matundu mingi na linabaki na alama. Na watoto wanauliza kweli. Hii mawe ilitoka wapi, nani aliileta, itarudi tena? Sisi tunajibu haraka, ni volkano ya 2002, enda kuteka maji. Basi, imeisha.

Lakini wapendwa sisi tuko na historia. Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu Nyiragongo ilitoa moto, ukashuka katikati ya mji mupaka mu ziwa, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, katedrali ya Mtakatifu Yosefu ikaisha pale. Tarehe 22 Mei 2021, siku ya posho (Jumamosi) mangaribi, tukaona tena mbingu imekuwa nyekundu, na siku chache nyuma yake, tarehe 27, serikali ikaomba kartie mingi zihame, watu wakajaa barabara ya Sake, wengine Minova, wengine Gisenyi, wengine mu mashua mupaka Bukavu. Kisha mwisho wa Januari 2025 vita ikaingia mu mji, na ile kila mutu anajua alikuwa wapi amelala chini na watoto wake. Mutoto mwenye iko mu shule ya musingi leo hakuona 2002 hata kidogo, na mudogo wake 2021 alikuwa mugongoni. Wao wanajua tu jiwe. Sisi njo tunajua nani alitufungulia mulango kule tulikimbilia, nani aligawa bugali yake na sisi, sala gani tuliomba njiani.

Kitu kinanisumbua roho ni hiki: tunawapa watoto wetu amri bila kuwapa historia. Usiibe, usidanganye, enda ku ibada, funga macho tunaomba. Yote ni sawa na Biblia inaamuru. Lakini angalia Kumbukumbu la Torati 6, wengi tunajuaga mstari wa 7 peke yake, ule wa kufundisha ukiketi mu nyumba na ukitembea njiani. Shuka mupaka 20 na 21. Pale mutoto anauliza hizi amri na hukumu maana yake nini, na Mungu anamuambia muzazi jibu la kutoa, na jibu haianze na "juu mimi nimesema". Inaanza: "Tulikuwa watumwa wa Farao huko Misri". Mutoto anauliza juu ya sheria, baba anamujibu na habari ya vile Mungu aliwatoa. Kwanza wokovu, kisha amri. Mutoto mwenye hajui Mungu alitutoa wapi, amri inakuwa kwake muzigo wa wazazi, na siku atatoka mu nyumba atautua ku mulango. Waamuzi 2:10 inasema kizazi cha Yoshua kilipokufa kikainuka kingine chenye hakikumujua Bwana wala kazi yake aliyoitendea Israeli, na mawe ya Gilgali ilikuwa bado imesimama pale! Jiwe peke yake halisemi.

Nakumbuka mama yangu mu 2002, tuko tumelala nje ngambo ya mupaka, amefunika wadogo zangu na kikwembe, anatuambia Danieli mu tundu la simba, na alikuwa anaongeza vitu, simba mumoja akamupa jina la mbwa wa jirani yetu. Tukacheka kule kule. Sikumbuki sala yake, lakini nakumbuka ile sauti, na nakumbuka kwamba mutu mwenye kuogopa anaweza kuendelea kumutaja Mungu. Miaka yote ya ekodimu, ile masomo ya watoto ya siku ya Mungu, haikunifundisha ile.

Sasa tuchukue mambo ya kila siku. Mutoto anarudi ku masomo anasema wenzake wananunua pointi, mwenye anatoa kitu kidogo biltini yake, ile karatasi ya pointi, inatoka safi, na yeye mwenye alisoma usiku na tochi ya telefone anabaki nyuma. Anauliza, kwa nini sisi hatutoe? Ukisema tu ni zambi, umesema ukweli, lakini kesho wenzake watamucheka na hana kitu cha kushika mu mikono. Mwambie habari ya Floribert Bwana Chui. Ni mutoto wa hapa Goma, alizaliwa 1981, akasoma sheria, akatumika ku ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa zenye kuingia. Alikuwa mu jumuiya ya Wakatoliki yenye kuitwa Sant'Egidio, akikaa na wamaibobo, wale watoto wa barabarani wenye sisi tunapita tukifunga vioo. Watu fulani walipomuletea pesa ili apitishe vyakula vyenye vimeharibika akakataa, juu watu wangekula wagonjwe. Mwezi wa saba 2007 wakamukamata, wakamuua. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 kanisa katoliki likamutangaza mwenye heri kule Roma, ku basilika ya Mtakatifu Paulo. Najua wengi kati yetu ni Waprotestanti na mambo ya kutangaza wenye heri haiko kwetu, haizuru, huyu alipita hizi barabara zetu, alinunua mandazi mahali watoto wetu wananunuaga, na alimupenda Yesu kuliko bahasha.

Lakini muangalie, mutoto mwenye akili atakuuliza swali la pili: sasa Mungu alimulipa nini, si alikufa? Hapo wazazi wengi tunakimbia, tunabadilisha habari ili imalizike na baraka, na gari, na kazi muzuri. Tafazali tusifanye vile. Tukimwambia mutoto kwamba mwaminifu analipwaga kila mara hapa chini, siku atakuwa mwaminifu na akose atasema Mungu wa papa ni muongo. Musomee Danieli 3:17 na 18, wale vijana watatu wanamwambia mufalme Mungu wetu anaweza kutuokoa, na kama si vile, bado hatutaabudu sanamu yako. Na umwambie juu ya ufufuo, umwambie kabisa, usione aibu, ile njo imani yetu na bila ile Floribert alipoteza.

Kuko jambo lingine na hili naomba mulisome polepole. Mangaribi mu nyumba zetu habari zinasemwaga, haiko kweli kwamba hatuna habari. Kuran ya umeme imekatika, maharagi iko ku mbabula haijaiva, wakubwa wamekaa wanaongea, na watoto wanajifanya wanacheza kumbe masikio yote iko kwetu. Na habari gani? Wale watu walitufanyia hivi. Ile kabila iko hivi. Usimuamini mutu wa kule. Tunasema juu tumeumia, na wengi mu hii mji wameumia kweli, kuko nyumba mwenye kiti cha mutu kiko wazi mupaka leo. Lakini mutoto wa miaka sita hana njia ya kutofautisha mutu mwenye alikosa na kabila nzima. Analala na ile habari, anaamuka nayo, na kesho ku masomo anamusukuma mwenzake juu ya jina lake.

Israeli walikuwa na sababu ya kuchukia Misri kuliko sisi wote. Watoto wao walitupwa mu mto. Na angalia Mungu anawaambia nini mu Kumbukumbu 23:7, usimuchukie Mumisri, kwa kuwa ulikuwa mugeni mu inchi yake. Na Kutoka 23:9, usimuonee mugeni, maana munajua moyo wa mugeni. Ileile historia ya mateso, wakaambiwa waihadisie watoto kila mwaka ku Pasaka wasisahau hata mustari mumoja, na matunda yake iwe kumuhurumia mugeni. Kwa hiyo hatuombi wazazi wafiche kilichotokea. Israeli hawakuficha Farao. Tunaomba habari imalizike ku Mungu mwenye alitutoa, na ku jirani mwenye alitusaidia, na mara mingi yule jirani ni wa kabila ingine. Taja jina lake mbele ya watoto. Kama mutu wa kabila yenye munasema vibaya alikuficha siku ya risasi, mutoto wako ana haki ya kujua ile. Kumunyima ile habari ni kumudanganya.

Mama mumoja aliniuliza hivi: nikimwambia mutoto Mungu alituokoa siku ile, ananiuliza kwa nini hakuokoa mama wa rafiki yake. Swali kubwa. Mimi ninarudiaga ku Luka 13:4, wale kumi na wanane wenye mnara wa Siloamu uliwaangukia, Yesu anauliza munafikiri walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu? Akajibu siyo. Kwa hiyo usimwambie mutoto kwamba sisi tuliomba sana na wale hawakuomba. Mwambie hatukuwa bora kuliko wao. Mwambie hujui kwa nini, na ukae naye pale, na muombee yule rafiki kwa jina, kisha kesho mumuite akule kwenu. Mutoto anaweza kubeba "sijui" ya muzazi wake kama anaona muzazi bado anaomba.

Na wapapa, Yoshua 4 mustari wa 21 unasema watauliza baba zao. Tunajua munatoka asubuhi sana na munarudi giza, munatafuta chakula na minervali ya masomo ya watoto, Mungu anaona. Lakini kazi ya kuhadisia haikupewa monitrisi, ule mama mwenye kufundisha mu ekodimu. Yeye yuko na watoto mara moja mu wiki na ni wengi, na hakuwa njiani na nyinyi 2021. Ku familia zenye papa hayuko, mama, nyanya, mujomba, musiogope, Timoteo baba yake alikuwa Muyunani na Paulo katika 2 Timoteo 1:5 anataja imani ya nyanya Loisi na mama Eunike, anataja majina yao kabisa.

Basi hii wiki, kabla ya siku ya Mungu, muchague mangaribi moja. Telefone ziwekwe pembeni. Someni Yoshua 4. Kisha mbele ya kuhadisia, waulizeni watoto wao wanakumbuka nini, juu mingine waliona na hamujui waliona, na kama mutoto analia au hataki kusema mumuache, musimusukume. Kisha muwaambie habari moja, moja tu, ya siku Mungu aliwatoa mahali, na majina ya watu na mahali, na vile muliogopa. Mudogo wa wote njo achague wimbo. Siku ya Mungu wamonitrisi watawapa watoto nafasi ya kuisema mu ekodimu kwa maneno yao wenyewe, na wazazi wenye wanataka kusikiliza wanaweza kuingia, tutaongeza mabenchi.