Baba anajifunza kutembea bila mashine

Watu wakisikia baba alipata kiharusi, huniuliza kwanza kama tumempeleka penye mashine ya kutembelea. Hatujampeleka, na sioni kwamba amepunjwa. Utafiti wa LEAPS, uliofanyika Marekani kwa wagonjwa 408 na kuchapishwa 2011, ulilinganisha mashine inayombeba mgonjwa kwa mikanda na mazoezi ya nyumbani yanayosimamiwa na mtaalamu wa viungo. Baada ya mwaka, mashine haikuyashinda mazoezi ya nyumbani.

Kwa baba, kazi kubwa ni kuinuka kutoka kwenye kiti. Nyayo zote chini, ule mguu wa kulia uliopooza urudi nyuma kidogo ili nao ubebe uzito, kifua mbele, ndipo anyanyuke. Mtaalamu wetu amekataza kabisa kumvuta mkono, kwa sababu bega lililolegea huumia upesi. Namshika kiunoni, kwenye mkanda. Akihema sana tunapumzika, kisha namwambia, "Haya baba, tena."

Vidole vya mguu vilikuwa vinaburuza chini na kumkwaza. Sasa anavaa kifaa cha plastiki kinachoshika kifundo, kilichotengenezwa Moshi kwa kipimo chake. Mkongojo anaushika kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Kwenye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia mguu uliopooza.

Tuliyobakiza ni kugeuka, na hapo namwogopea kuliko kwingine kote. Anageuka kwa hatua ndogondogo, nami nakaa upande wake wa kulia.