Hogo mguuni, mshahara mzima mfukoni

Nilipovunjika mguu nilipata washauri kuliko wagonjwa wa wodi nzima. Wa kwanza, mwenzangu wa stoo, aliniapia kwamba likizo ya ugonjwa ni siku 14: saba kwa mshahara kamili, saba kwa nusu, zikiisha uandike barua ya kuacha kazi kabla hawajakuandikia wao. Kumbe hizo siku ni za sheria ya Kenya! Aliwahi kufanya kazi Mombasa, akarudi Tanzania na sheria yao begini.

Wa pili akataka niseme nimeangukia kazini ili nilipwe na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mimi niliteleza bafuni kwangu, Jumapili, na nusu ya mtaa ilinibeba. Mfuko ule ni wa aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, na mimi sina mtaa wa kuuomba unitunzie uongo. Wa tatu akanielekeza kwa mzee wa kuunga mifupa. Huenda mzee ana mkono mzuri, ila sheria inataka cheti cha daktari aliyesajiliwa, au cha mtabibu mwingine ambaye mwajiri amemkubali. Bado sijakutana na HR anayekubali cheti cha mzee wa mifupa.

Kilichonihusu kimo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kama umeshatimiza miezi sita kazini, una siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza unalipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Usipoleta cheti mwajiri halazimiki kukulipa hizo siku. Basi ED zako, zile karatasi za daktari za kukupumzisha, zitunze kuliko kitambulisho.

Ofisini kwetu walikuwa na hesabu yao: mwezi wa kwanza kamili, wa pili nusu, "ndio utaratibu wa kampuni." Utaratibu wa kampuni unaweza kukupa zaidi ya sheria, hauwezi kukupa pungufu. Dada wa HR akaniletea na huruma juu yake: "Kaka, tutumie kwanza likizo yako ya mwaka ili usikatwe." Ukiwa umelala na mguu umening'inia, maneno hayo yanasikika kama dua. Nikakataa. Mwajiri haruhusiwi kukulazimisha wala kukukubalia kutumia likizo ya mwaka mahali pa likizo ya ugonjwa.

Mshahara wa mwezi wa pili ukaja nusu. Hapo akaingia shemeji yangu, karani wa mahakama mstaafu, akasema niachie mimi. Barua aliyoandika! Kichwa chake peke yake kilikuwa mistari mitatu, herufi kubwa zote. Ndani mlikuwa na Kilatini, mlikuwa na "bila kuathiri haki zangu nyingine", mlikuwa na madai ya mshahara, riba, fidia ya usumbufu na kuombwa radhi kwa maandishi ndani ya saa 48. Kitu ambacho hakikuwemo ni siku ngapi nimeugua na shilingi ngapi zimekatwa. Mhasibu, aliyezoea kunijibu WhatsApp kwa kidole gumba, akaanza kuniandikia "suala lako lipo kwa mwanasheria." Likakaa huko wiki kadhaa, na madai ya aina hii una siku 60 tu za kuyafikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA; ya kuachishwa kazi ni 30. Shemeji akapendekeza barua ya pili, kali zaidi. Nikamshukuru, nikamwambia printa imeharibika.

Nikachukua kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu. Kila siku iliyofunikwa na ED nikaizungushia duara, tena nikajihesabia vibaya makusudi: Jumamosi, Jumapili, sikukuu, zote nikaziweka ndani. Nilitaka hata kwa hesabu inayowapendelea wao, bado wawe wamekosea. Nikapanda bajaji, nauli ikala kama elfu kumi na kitu kwenda na kurudi, nikaingia ofisini na magongo saa ambayo najua mhasibu amerudi kutoka kula.

"Dada," nikamwambia wa HR, "dawa hizi zinalevya, hesabu zinanishinda. Hebu nihesabie wewe."

Akahesabu kwa sauti, kalamu ikigonga kila duara. Alipofika siku waliyoanza kunilipa nusu alikuwa bado kwenye thelathini na kitu. Akanyamaza, akamgeukia mhasibu. "Hizi 63 tulianzia wapi kuhesabu?" Mhasibu akawa anatafuta faili ambalo, nina hakika, halipo.

Nikaacha karatasi ya mistari mitatu: tarehe, idadi ya siku, kiasi kilichokatwa. Wakati wa kutoka nikauliza, kwa adabu zote, kama wanayo Fomu Namba 1 ya CMA hapo ofisini au nikaichukue mwenyewe. Mshahara uliofuata ulikuja na malimbikizo, laki mbili na ushee.

Walijaribu mlango mmoja tu uliobaki, tarehe. Daktari wangu alikuwa akiandika ED ya wiki mbili inayoisha Jumatatu, na kliniki ya mifupa ni Alhamisi. Siku zile za katikati ndizo mhasibu angeziita utoro. Nikamwomba daktari aandike hadi siku ya kliniki, akaandika bila hata kuinua kichwa, akagonga muhuri. Kila ED niliipeleka na nakala, na nakala ikarudi nyumbani na sahihi ya aliyepokea.

Siku 63 zilipoisha wakanilipa nusu, nami sikufungua mdomo, ni haki yao. Nilirudi kazini na gongo moja, nikamwomba dada wa HR aandike kwenye faili langu siku za nusu zilizobaki, maana mzunguko wa miezi 36 bado haujaisha. Na zile 28 za likizo ya mwaka walizotaka nizimalizie kitandani zipo zote. Fomu nimeshajaza, naanza mwezi ujao.