Kimashine cha shoti kimenituliza mgongo, ila kwanza niliruka kama mbuzi

Nimebeba viazi Uyole miaka mingi, na lumbesa, lile gunia la kujaza kupita kiasi, ni lumbesa, mwaka jana mwezi wa sita na lile baridi letu la Mbeya mgongo ukagoma, hata kamba za viatu mama watoto ndo alikuwa ananifunga. Hospitali wakasema mfupa uko poa ni misuli, wakanipeleka kwa dada wa fizio, wale wa tiba ya viungo. Akanibandika pedi nne za kimashine cha shoti kiunoni, nikasikia vitu vinatekenya kama sisimizi, nusu saa hivi, nikatoka nimenyooka. Siyo kwamba nilipona, maumivu yalipoa tu, na mazoezi akanipa juu yake.

Nikaona ninunue changu, nikakipata Mwanjelwa kama elfu themanini na kitu na pedi za ziada. Hapo ndo shemeji akajifanya daktari: "Shem, weka full, shoti ikiuma ndo inapona!" Na mimi mjinga nikamsikiliza. Kile kimashine kina TENS ya maumivu na EMS ya kukaza misuli, mi najulia wapi? Nikabonyeza EMS nikapandisha namba mpaka mwisho. Aisee! Kiuno kilijikunja chenyewe kama nimebanwa na koleo, nikaruka kutoka kwenye kigoda, sahani ya kande kule, mtoto anacheka mpaka anakohoa, na badala ya kuzima nikavuta pedi. Hilo ndo lilikuwa kosa lenyewe. Pedi ikibaki imeshika kipembe tu umeme wote unapita hapohapo padogo, inachoma kama nyigu. Zima kwanza ndo ubandue jamani.

Kesho yake nikarudi kwa dada wa fizio nimejikausha, akajua tu. Akasema siyo mashindano ya uvumilivu, pandisha mpaka utekenywe vizuri uishie hapo. Eti ni kama ukigonga kiwiko unavyokisugua, ule mguso unaziba njia ya maumivu kwenye uti wa mgongo, nikagugo nikakuta kumbe wazo hilo ni la watafiti wa maumivu Melzack na Wall toka 1965. Shemeji hakuwepo kwenye hiyo stori.

Halafu pedi zikaanza kukataa kushika. Mama watoto akaleta selotepu, nikasema hapana, sasa hivi nafuta kiuno na kitambaa cha maji yale mafuta ya nazi yatoke, nakausha, nadondosha tone moja la maji kwenye gundi ya pedi nasubiri ilainike, na asubuhi za baridi nazitia kwapani kwanza na plastiki lake zipate joto. Nacheka mwenyewe ila zinashika! Silali nimezivaa, siogi nazo, na sizibandiki penye kidonda.

Shingoni kwa mbele na kifuani dada wa fizio alinikataza kabisa, na mjamzito asijiwekee mgongoni wala tumboni. Ukisikia miguu inakufa ganzi au mkojo unakutoka wenyewe, achana na kimashine wahi hospitali.

Juzi shemeji kaja kuazima ampelekee mama yake Tukuyu, yule mama ana kile kibetri cha moyo, pacemaker, walichompandikizia Dar. Nikamwambia hicho na hiki havikai pamoja mpaka daktari wake wa moyo aseme, akaninunia mpaka leo, na kikombe cha chai kakiacha hajamaliza.