Simu ya chumbani kwa mama mkubwa

Huku Uingereza simu za waya wa shaba zinazimwa, na tarehe ya mwisho iliyopangwa ni 31 Januari 2027. Nyumbani kwa mama mkubwa, Leicester, zamu ilifika alipowekewa faiba. Akaambiwa simu yake aichomeke nyuma ya ruta, sebuleni. Soketi za jikoni na za chumbani juu zikawa kimya.

"Mwanangu, wakinipigia wa Mombasa alfajiri, nishuke ngazi na magoti haya?"

Hapana, mama. Nyaya zimo ukutani na ni nzima. Kilichobadilika ni mahali sauti inapoingilia. Zamani iliingia kwa soketi kuu pale mlangoni, ikasambaa vyumbani. Sasa inatoka kwenye ruta, kwa hiyo tunailisha mtandao uleule wa nyaya kupitia soketi ya karibu na ruta.

Lakini kwanza nyaya za vyumbani lazima zitengwe kabisa na laini ya nje. Hili silifanyii mchezo. Laini ya zamani hubeba takriban volti 50, na mlio wa simu ukiingia huzidi hapo. Ukiikutanisha na ruta unaweza kuiunguza. Hata ukiambiwa laini imeshakufa, itenge.

Soketi kuu yake ni ile yenye kifuniko cha chini kinachofunguliwa kwa skrubu mbili. Kifuniko hicho mwenye nyumba anaruhusiwa kukigusa. Kilicho nyuma zaidi ni mali ya kampuni ya laini, kiache. Mgongoni mwa kifuniko nilikuta nyaya za vyumbani zimebanwa kwenye namba 2, 3 na 5. Mazungumzo hupita kwenye 2 na 5, yaani ile jozi ya buluu na nyeupe. Ya 3 ilikuwa ya kengele za simu za kizamani, na simu zake za sasa haziihitaji, kwa hiyo sikuiunganisha tena. Nilizitoa zote, kisha nikaunganisha 2 kwa 2 na 5 kwa 5 kwa viunganishi vidogo vya jeli, kwa sababu waya wa jikoni na wa juu ulikuwa ukikutana hapo tu. Ukizitoa bila kuziunganisha, kila chumba kinabaki peke yake.

Kabla ya kuchomeka chochote nilipima kwa mita kwenye soketi ya sebuleni: sifuri. Ndipo nikaweka waya wenye plagi ya simu pande zote mbili, kutoka ruta hadi soketi hiyo. Simu ya chumbani ikatoa mlio.

Ukiwa na mzee nyumbani, zungumza na kampuni kuhusu umeme ukikatika, maana ruta ikizimika simu zote zinazimika, na 999 haipatikani. Kwa anayetegemea simu ya mezani wanatakiwa kumpa njia ya kupiga simu za dharura kwa saa moja angalau. Mama mkubwa alipewa betri. Na kama anavaa kile kitufe cha msaada shingoni, wenye huduma hiyo waarifiwe kabla ya simu kuhamishiwa kwenye ruta, halafu kijaribiwe baada ya kazi.

Ndani ya kifuniko nimebandika karatasi kwa fundi atakayekuja: nyaya za vyumbani zinalishwa na ruta, usizirudishe hapa.