Simu kubwa, redio hamna

Simu niliyoletewa kutoka Dubai ina kamera tatu mgongoni na kioo kipana kama kitabu. Redio haina. Tena haina hata tundu la kuchomeka waya wa masikioni.

Kwetu Arua, Uganda, redio si ya muziki na mpira tu. Matangazo ya vifo yanapita hapo, na sisi Waislamu hatukai na maiti. Ukichelewa kusikia, umekosa maziko ya shemeji yako na lawama utaibeba miaka.

Nilimwendea fundi wa simu sokoni. Akacheka. "Mzee, hapa hakuna cha kutengeneza." Akanieleza kwamba redio ya FM inataka antena, na kwenye simu hizi antena ilikuwa ule waya wa masikioni wenyewe. iPhone iliondoa tundu mwaka 2016, kampuni nyingi zikafuata. Zipo hata simu zenye kifaa cha FM ndani ambacho kampuni haikukiunganisha. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Nikapakua programu ya kusikiliza redio kwa intaneti. Inasikika safi, ila inakula bando, na bando lenyewe tangu Julai 2021 linakatwa kodi ya asilimia 12. Halafu nikakumbuka uchaguzi wa Januari mwaka huohuo: intaneti ilizimwa nchi nzima siku kadhaa, redio zikaendelea kuongea. Redio gani hiyo ya kunyamaza siku unayoihitaji?

Basi nikanunua katochi, simu ndogo ya vitufe yenye tochi na redio. Muuzaji alinisifia tochi na betri. Mimi nikamwambia awashe kwanza redio, bila waya, palepale ndani ya duka chini ya mabati. Ikashika. Nikalipa.

Laini ya mobile money nimeihamishia humo, maana kutuma pesa kwa *165# hakuhitaji intaneti, na chaji inakaa siku kadhaa hata umeme ukikatika. Simu kubwa imebaki ya WhatsApp na picha za mzigo wa dukani.

Kero iliyobaki ni moja: zikikaa mfuko mmoja, redio inakwaruza kila simu kubwa inapoita. Kwa hiyo katochi inakaa mfuko wa shati, kubwa mfuko wa suruali.